Kivoi wa Mwendwa: Mwana wa uta aliyeuawa bunduki ikilia hewani

MWISHONI mwa Agosti 1851, mfanyabiashara aliyekuwa na jina kubwa mno katika Kitui aliuawa nyikani, karibu na Mto Tana. Alikuwa kiongozi wa msafara, na ubavuni mwake alikuwapo mgeni Mzungu aliyeshika bunduki.

Mgeni huyo aliifyatua bunduki yake mara mbili mapambano yalipopamba moto, lakini mara zote mbili aliielekeza hewani. Alikuwa mhubiri wa Injili na hakutaka kumwaga damu ya binadamu.

Marehemu alikuwa Kivoi wa Mwendwa, na mgeni alikuwa Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa Afrika Mashariki na shirika la wamisionari la Kanisa la Uingereza. Kifo cha Kivoi kilizua uhasama ambao nusura ugharimu pia maisha ya Krapf, na kiliacha swali zito Ukambani kuhusu wajibu wa mwenye silaha kwa mwenyeji wake.

Wanafunzi wengi wa Kenya humkumbuka Kivoi kama mzee aliyempokea Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya. Hiyo ni sehemu ndogo ya habari zake. Maisha yake yalipita katika zama ambapo watu wa uta, watu wa mkuki na watu wa bunduki walikutana katika njia zilezile, kila kundi likiamini kwamba mbinu zake ndizo za kiume na za wengine ni za kubahatisha au za woga.

Chimbuko la milimani

Wakamba husimulia kwamba wazazi wao wa kwanza walishushwa na Mulungu juu ya kilima cha Nzaui, ambacho leo kimo katika Kaunti ya Makueni. Wataalamu wa historia nao wanaitaja milima ya Mbooni, katika kaunti hiyohiyo, kuwa ndiko Wakamba walikojenga makazi ya kudumu na kuongezeka, kabla ya kutawanyika kuelekea Kilungu, Iveti na kwingineko.

Katika karne ya 18, koo nyingi zilivuka Mto Athi na kuelekea mashariki, zikaingia Kitui. Huko zilikuta nchi pana lakini kame, yenye mvua isiyotabirika. Aliyetegemea jembe pekee alijitia hatarini, kwa hiyo watu wa Kitui walijifunza kuishi kwa mambo mengi pamoja: mifugo, mizinga ya nyuki, uwindaji na, zaidi ya yote, biashara.

Kivoi alikulia katika jamii hiyo. Wakamba hawakuwa na mfalme wala mtawala wa kurithi. Ukubwa ulipatikana kwa sifa. Aliyeongoza kikosi cha uwindaji au cha vita akakirejesha salama aliitwa muthiani, na waliojaliwa mali, wafuasi na maneno yenye uzito walihesabiwa miongoni mwa andu anene, yaani watu wakubwa.

Kivoi alipanda ngazi hiyo hadi juu. Alikuwa na wake kadhaa, wafuasi wengi na pia watumwa, na sauti yake ilisikika mbali na kijiji chake. Wageni wa kutoka pwani walimwita chifu, ingawa cheo hicho hakikuwapo Ukambani wakati ule.

Uta na mkuki

Silaha iliyomtambulisha Mkamba ilikuwa uta. Pamoja nao alibeba podo lililojaa mishale, sime kiunoni na pengine rungu. Kinyume na majirani wengi, Wakamba wa karne ya 19 hawakutegemea ngao wala mkuki katika vita.

Nguvu ya uta huo haikuwa katika mshale wenyewe bali katika sumu iliyopakwa nyuma ya chembe. Sumu hiyo ilipatikana kwa kuchemsha vijiti na maganda ya mti maalumu kwa saa nyingi, hadi ikageuka kuwa kitu cheusi na kizito mithili ya lami. Ikishaingia katika damu hushambulia moyo. Mpiga uta aliifunga sumu kwa kipande chembamba cha ngozi ili isikauke, na mshale wake ulikuwa na alama yake mwenyewe, ili asitokee mtu wa kudai windo lisilo lake.

Vita vya watu wa namna hiyo vilikuwa vya kuvizia. Mpiganaji alijificha nyuma ya jiwe au kichaka, akalenga, akahama. Hakuhitaji kumfikia adui. Mkwaruzo tu ulitosha.

Upande wa magharibi na kusini, katika mbuga zilizopakana na milima ya Wakamba, waliishi Wamaasai. Morani wa Kimaasai alijengwa kwa mafunzo tofauti kabisa. Alibeba mkuki, sime, rungu na ngao ya ngozi ya nyati iliyochorwa alama za kikosi chake. Aliingia vitani mchana kweupe akiwa bega kwa bega na wenzake wa rika, na heshima yake ilitegemea kumkabili adui ana kwa ana.

Kwa morani, uta ulikuwa kifaa cha wawindaji maskini wasio na ng'ombe. Nyumbani kwake uta ulitumika kwa kazi ya zizini: mshale butu ulitoboa mshipa wa shingo ya ng'ombe ili ipatikane damu ya kunywa. Kumuua mtu kutoka mbali, tena kwa sumu, hakukuwa ushujaa machoni pake.

Mkamba naye hakuona busara ya kutembea wazi mbugani ukiwa umejiremba kwa manyoya, ukisubiri kuuawa. Kwake, ushujaa usiomrudisha mtu nyumbani ulikuwa hasara. Alijua pia kwamba Mmaasai aliyefuata ng'ombe hadi kwenye miteremko ya Mbooni au Kilungu alipoteza faida yake yote. Ngao ilikinga kifua lakini haikukinga goti, na safu iliyonyooka mbugani ilivunjika penye mawe na vichaka.

Hivyo kila upande ulishinda katika uwanja wake na kuhesabu ushindi huo kuwa ushahidi wa ubora wa silaha yake. Mbugani mkuki ulitamba, milimani uta ulitawala. Walakini, dharau haikuzuia kuibiana ng'ombe, na katika vipindi vya amani haikuzuia biashara.

Hata miongoni mwa watu wa uta wenyewe hapakuwa na heshima kamili. Katika nyika ya Tsavo, ambako misafara ya Wakamba ilipita ikielekea pwani, waliishi Waata, wawindaji hodari wa ndovu. Uta wa Mwaata ulikuwa mrefu na mgumu sana kuvuta, na mtu asiyezoea hakuweza kuukunja. Uta wa Mkamba ulikuwa mfupi na mwepesi zaidi. Mwaata alijivunia nguvu za mkono wake, ilhali Mkamba alijivunia wepesi wake, na pia shamba na mifugo ambayo Mwaata hakuwa nayo.

Njia ya pembe

Njaa kali ya mwaka 1836 iliwasukuma Wakamba wengi kuelekea pwani, na baadhi yao walifanya makazi karibu na Rabai. Makazi hayo yaliimarisha njia ya biashara kati ya Kitui na Mombasa, na kizazi cha Kivoi kilijua namna ya kuitumia.

Misafara ya mamia ya watu iliteremka ikibeba pembe za ndovu, pembe za kifaru, nta na bidhaa nyingine za bara. Ilipanda tena na nguo, shanga, chumvi na nyaya za shaba. Kutoka Kitui, wachuuzi walivuka Tana hadi kwa Wambeere, Waembu na Watharaka, wakafika pia Gikuyu. Katika miongo hiyo ya kati ya karne ya 19, Wakamba ndio walioshika biashara kubwa ya pembe iliyopitia Mombasa.

Njia hiyo ilikatiza Kikumbuliu, eneo la Kibwezi ya sasa huko Makueni, ikapita karibu na uwanda wa Yatta na kuvuka Athi. Ilikuwa njia yenye kiu na wanyang'anyi. Msafara usio na wapiga uta wa kutegemewa haukufika.

Mtu aliyeongoza safari kama hizo alilazimika kujua zaidi ya bei ya pembe. Alipaswa kujua nani ana amani na nani, kisima kipi kina maji mwezi gani, na ni rafiki gani wa kupewa zawadi. Kivoi alisifika kwa ujuzi huo, naye alikuwa na jamaa na wenzi wa biashara mbali na nyumbani kwake.

Huko pwani alikutana na silaha nyingine. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa na bunduki za kujazwa baruti kwa mdomo wa mtutu. Kivoi hakuwa mtu wa kudharau kitu kabla ya kukipima. Alijipatia bunduki yake mwenyewe, japo watu wake waliendelea kutegemea uta.

Mgeni kutoka Rabai

Krapf aliwasili Mombasa mwaka 1844 na kuanzisha kituo cha misheni Rabai mwaka 1846, akisaidiana na Johannes Rebmann. Mnamo Mei 1848 Rebmann aliuona Mlima Kilimanjaro na theluji yake.

Mnamo Novemba 1849 Krapf alifunga safari ya Ukambani. Alipitia Taita, Tsavo na Kikumbuliu hadi nyumbani kwa Kivoi, Kitui, ambako alipokewa kwa ukarimu. Kivoi alimweleza kuhusu mlima mwingine mkubwa wenye weupe kileleni, na tarehe 3 Desemba 1849, anga ilipofunguka, Krapf aliuona kwa macho yake kutoka Kitui.

Jina alilolisikia kwa Wakamba ndilo aliloliandika, naye akaliandika Kenia. Baadhi ya wasomi mjini London walimkejeli, wakisema theluji haiwezi kuwapo karibu na ikweta. Hiyo nayo ilikuwa dharau ya aina yake: waliosoma ramani hawakuwaamini waliotembea.

Kivoi alikuwa na hesabu zake kuhusu mgeni huyo. Wakamba walimchukulia Krapf kuwa mganga, mtu mwenye vitabu, dawa na bunduki. Kutembea na mtu kama huyo kungeongeza heshima ya msafara na kuwatia hofu wavamizi.

Krapf alirudi Julai 1851 akikusudia kuanzisha kituo cha misheni Yatta. Njiani wanyang'anyi waliuvamia msafara wake, na milio ya bunduki ikasaidia kuwatimua. Tukio hilo lilithibitisha sifa ya silaha hiyo. Lilificha pia udhaifu wake, kwani adui alikuwa amekimbia kishindo.

Mipango ya Yatta ilipokwama, Krapf alielekea Kitui kwa Kivoi. Mwezi Agosti wawili hao waliondoka pamoja kwenda Tana.

Mapambano karibu na Tana

Walikuwa wamekaribia mto walipowaona watu wenye silaha wakiwajia. Kwa mujibu wa maelezo aliyoyaacha Krapf, wavamizi walikuwa kama 120, nao watu wa msafara hawakuzidi 30.

Kivoi alifyatua bunduki yake na kumtaka mgeni wake afanye vivyo hivyo. Wavamizi walipunguza mwendo kwa muda. Kisha, walipoona kwamba hakuna aliyeanguka, walisonga tena na kuanza kurusha mishale.

Wakamba walitupa mizigo chini, wakavuta nyuta zao na kumsihi Krapf apige haraka. Hapo ndipo alipopiga hewani mara mbili. Alipokuwa akijaza baruti upya, Mkamba mmoja alipita mbio karibu naye, damu ikimtoka nyongani.

Kila aliyeitumia bunduki ya zama hizo alijua uchelewevu wake. Ilibidi kumimina baruti, kutia risasi, kushindilia kwa mdeki, kisha ndipo mtu alenge. Katika muda huo mpiga uta mzoefu huachilia mishale kadhaa. Nguvu ya bunduki ya Krapf siku hiyo ilikuwa katika hofu yake tu, na hofu ilikwisha pindi ilipobainika kwamba risasi haikumlenga mtu.

Wakamba walipoona wamezidiwa idadi walitawanyika. Katika moshi na ghasia Krapf hakumwona tena Kivoi, akakimbia. Aliruka mtaro mmoja, akaanguka katika wa pili, na kitako cha bunduki yake kikavunjika.

Kivoi aliuawa hapo, yeye na wafuasi waliokuwa karibu naye. Mwana wa jamii iliyojivunia uta kuliko jamii zote za jirani alikufa mbele ya watu waliopigana kwa mishale, huku silaha mpya aliyoitumainia ikimlilia angani.

Krapf alitangatanga peke yake hadi akaufikia Tana. Hakuwa na chombo cha maji, hivyo aliyajaza katika mkoba wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki, akaiziba kwa nyasi na matambara.

Hukumu ya jamaa

Habari za msiba zilipofika Kitui, jamaa za marehemu walimgeukia Krapf kwa hasira. Madai yao yalikuwa wazi: aliyetembea na mtu mkubwa alipaswa ama kumlinda ama kufa naye. Krapf hakufanya lolote kati ya hayo mawili.

Ni rahisi kuyaona madai hayo kama ukatili au ushirikina, na ndivyo wasomaji wengi wa Ulaya walivyoyaona. Lakini yalikuwa na mantiki yake. Katika msafara, kila aliyebeba silaha alikuwa amefunga ahadi isiyohitaji maandishi. Kivoi alimpa mgeni chakula, malazi na dhamana ya jina lake, na akamwamini katika saa ya hatari. Kwa watu wa uta, kuwa na silaha na kutoitumia rafiki yako anapouawa kulikuwa kosa lisiloelezeka.

Krapf naye alikuwa na ahadi yake. Dini yake na dhamiri yake zilimkataza kuua, na hakubadili msimamo huo hata alipokuwa akijua kwamba huenda naye angekufa. Lawama ya wafiwa na dhamiri ya mhubiri zilikuwa na uzito, lakini hapakuwa na lugha ya pamoja ya kuzipatanisha. Wenyeji walidhani bunduki mkononi ni tangazo la mpiganaji. Mwenyewe aliihesabu kuwa kifaa cha kutishia wanyama na majambazi.

Kwa kuhofia maisha yake, Krapf alitoroka usiku. Baada ya siku nyingi za njaa na kujificha alifika Rabai, na mwaka 1853 aliondoka Afrika Mashariki. Mpango wa misheni Ukambani ulikufa pamoja na Kivoi.

Alichoacha

Baada ya kifo hicho, biashara ya Wakamba haikusimama mara moja, lakini nguvu zake zilififia katika miongo iliyofuata. Misafara ya Waswahili na Waarabu, iliyojihami kwa bunduki nyingi zaidi, ilianza kwenda bara yenyewe kufuata pembe.

Mwaka 1883 msafiri Mskoti Joseph Thomson alipita nchi ya Wamaasai na kuuona mlima ule wenye theluji, na ubishi wa London ukazimika. Mwaka 1920 serikali ya Uingereza iliipa koloni lake jina la mlima huo. Nchi nzima ikabeba jina lililoanza kuandikwa kutokana na mazungumzo ya Kitui.

Uta wenyewe haukutoweka haraka. Vijana wa Ukambani waliingia kwa wingi katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles, wakasifika kwa ustadi wa bunduki ambayo babu zao waliiona ikishindwa. Wakati huohuo, wengine waliendelea na uta wa sumu. Tsavo ilipofanywa mbuga ya taifa mwaka 1948, uwindaji wa jadi uligeuka kuwa uhalifu, na katika miaka ya 1950 wapiga uta wa Kiwaata na wa Kikamba walisakwa na askari wa wanyamapori wenye bunduki. Mahasimu wawili wa uta walijikuta mahakamani kwa kosa moja.

Ndipo ilipodhihirika jinsi majivuno ya zamani yalivyokuwa na msingi mdogo. Mmaasai alinyang'anywa mbuga zake, Mwaata akapoteza nyika yake, na Mkamba akafungiwa katika maeneo ya akiba. Aliyewashinda wote hakuwa bingwa wa mkuki wala wa uta. Alikuwa na reli, bunduki za kisasa na sheria zilizoandikwa kwa lugha wasiyoijua.

Kivoi hakuishi kuyaona hayo. Hata hivyo, maisha yake yanaonyesha njia ambayo wapiganaji wa zama zake hawakuifuata sana. Aliishi kwa kufanya biashara na watu ambao jamii yake iliwacheka, aliijaribu silaha ya kigeni bila kuacha ya kwao, na alimpokea mgeni ambaye wengine walimshuku. Kosa lililomgharimu lilikuwa moja: alijua bunduki hufanya nini, lakini hakumjua mtu aliyeishika.